Upweke si Ugonjwa wa Wazungu

Vijana wenzetu wa Nyarugusu na wa kambi zingine,

Kuna neno tumechoka kulisikia. Kijana akisema anajisikia mpweke, wakubwa wanacheka: "Upweke? Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Hapa utakuwaje mpweke na watu wote hawa?" Wanatuonyesha foleni ya bombani, foleni ya mgao, nyumba zilivyobanana mpaka jirani akikohoa unamwambia pole bila kutoka kitandani. Wanadhani wamemaliza maneno.

Hawajamaliza. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili. Lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, vijana wakiwa mbele, na kwamba katika nchi maskini wapweke ni karibu mara mbili ya wale wa nchi tajiri. Mara mbili, jamani, huku kwetu tunakosema eti ni ugonjwa wa Wazungu!

Sisi tunaozunguka vijiji vya kambi kwa kujitolea tunajua kwa nini wingi wa watu hautoshi. Kambi hii ilifunguliwa 1996, na wengine wetu tumezaliwa humuhumu. Tangu tupate akili tunaaga watu: huyu anakwenda Marekani, yule Kanada, wengine wanarudi Burundi. Mliyekaa naye dawati moja anapanda basi asubuhi, jioni mlango wake una kufuli. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kesi za watu zikakwama katikati. Wako vijana ambao ndugu zao walishafika kule, wao wamebaki na begi lililofungwa. Kijana kama huyo anaweza kupanga foleni na watu 300, na asiwepo hata mmoja anayejua kwamba jana hakula. Ana watu wengi wa kumsalimia. Wa kuuliza "mbona leo hatujamwona?" ndiye hana.

Sasa tuziangalie dawa tunazopewa.

Ya kwanza ni "omba Mungu, vumilia." Kuomba tunaomba, na hatumdharau anayeomba. Lakini ukimwambia mwenzako akaombe kisha ukafunga mlango wako, umejitua mzigo tu. Ya pili ni semina. Tunakusanywa chini ya turubai, tunapewa soda, tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapigwa picha, tunaambiwa "msijitenge." Saa nane tunatawanyika, kila mtu na upweke wake. Ya tatu tunajipa wenyewe: gongo, kamari ya kwenye simu, na kuangalia mpaka alfajiri picha za wenzetu waliosimama kwenye theluji. Asubuhi kichwa kizito, upweke uko palepale, na deni juu.

Msimamo wetu ni huu: kumhurumia mpweke hakutoshi. Apewe kazi ambayo kuna mtu anaingojea. Wazee wetu wa Fizi hawakuhitaji semina kulijua hilo. Wabembe walikuwa na lubunga, pale wanaume walipokaa, wakala pamoja na kukata maneno. Asiyekuja alijulikana. Lubunga iliwaacha nje mama na dada zetu, na hilo hatutaki lirudi. Lakini ile desturi ya asiyekuja kujulikana, hiyo tunaitaka.

Kwa hiyo tunadai, na tunaanza kujidai sisi wenyewe.

Kila kikundi, iwe kwaya, timu ya mpira au kundi la kujisomea, kiwe na daftari la majina. Asiyeonekana mara mbili afuatwe nyumbani siku hiyohiyo, tena kwa miguu. Ujumbe wa simu hautoshi, maana mtu aliyelala amegeukia ukuta anaweza kuandika "niko poa."

Familia ikiondoka na mmoja akabaki, wiki isipite hajakabidhiwa kitu: kutunza mipira ya timu, kumchotea maji bibi asiyeweza kubeba dumu, kufundisha watoto watano hesabu jioni. Apewe kwanza, habari za moyo aulizwe njiani. Wengi wetu, wanaume hasa, tunaongea vizuri mikono ikiwa na shughuli.

Nanyi mlio ng'ambo, msitume picha tu. Chagueni siku moja na saa moja katika wiki, mpige, hata dakika tano. Simu ambayo mtu ana hakika itakuja inamvusha wiki. Simu inayokuja siku yoyote ile inamfanya alale ameishika mkononi.

Nanyi wa mashirika, kabla ya semina nyingine tupeni chumba kimoja chenye taa na mabenchi, kisichofungwa saa kumi.

Lakini tuelewane: aliyefika mahali pa kuwaza kujiua, huyo msimpe mipira ya kutunza mkadhani mmemaliza. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwa watu wa ushauri kwenye kituo cha afya, mkae naye kwenye benchi mpaka aitwe.

Kuna watakaosema tunakwepa shida yenyewe. Watasema kijana ni mpweke kwa sababu amefungiwa, na kumfundisha kuishi na upweke ni kumfundisha kukubali kufungiwa. Hoja hii tunaiheshimu. Sheria ya wakimbizi ya 1998 haituruhusu kutoka kambini bila kibali, na daftari letu halitaifuta. Lakini kijana aliyejifungia ndani hadai haki yoyote, wala hasaini barua yoyote. Hata anayetaka kupigania hicho kibali anahitaji kwanza watu watakaogundua kwamba hajarudi.

Basi kwenye mgao ujao, kabla ya kuchungulia mbele foleni imefika wapi, geuka nyuma utazame nani wa kijiji chako hayupo. Ukirudi, pitia kwake.

Tuko pamoja.