Fundi Bomba Katika Mpango wa Kituo cha Afya

Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma nchini. Hata hivyo, fedha hizo hazimwiti fundi bomba zenyewe. Mkunga aliyekosa maji ya kunawa hawezi kumkinga mama na mtoto dhidi ya maambukizi, hata wodi iwe mpya kiasi gani. Ukaguzi wa koki, valvu na matangi hauna gharama kubwa (mpira wa koki hupatikana katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi), lakini usipoingizwa katika mpango wa mwaka hautalipiwa. Kamati za usimamizi wa vituo, zinazojumuisha wawakilishi wa wananchi, zinayo nafasi ya kuuliza kifungu hicho kiko wapi kabla mpango haujapitishwa.