Miwa au Mahindi? Utamu wa Soda na Deni la Ramisi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hufunzwa darasani kama onyo kwa wenye kuvimba kichwa kwa sababu ya sifa, lakini yafaa pia kusomwa kwa maana yake ya juu kabisa: kuna kinywaji, kuna anayekitengeneza, na kuna mnywaji ambaye siku moja hugundua kwamba kilichomo kikombeni si kile alichokisifu. Kwa maana hiyo, historia ya soda nchini Marekani ni ufafanuzi mzuri wa methali hiyo. Mwaka 1980 kampuni ya Coca-Cola iliwaruhusu watiaji wake wa soda chupani nchini humo kutumia shira ya mahindi badala ya nusu ya sukari. Mnamo Novemba 1984 ikawaruhusu kuiacha sukari kabisa. Pepsi nayo ilichukua hatua kama hiyo mwaka huohuo.

Neno shira linajulikana vyema Pwani. Ni maji ya sukari yaliyochemshwa yakawa mazito, yale ambayo kaimati huchovywa ndani yake. Shira ya mahindi hupatikana kwa njia nyingine. Wanga wa mahindi huvunjwavunjwa kwa vimeng'enya hadi ukawa glukosi, kisha kimeng'enya kingine hugeuza sehemu ya glukosi hiyo kuwa fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Kilichoifanya shira hii ishinde Marekani hakikuwa ladha. Ilikuwa sera: kuanzia mwaka 1982 serikali ya nchi hiyo ilirejesha vizuizi vya kiasi cha sukari inayoingia kutoka nje, bei ya sukari ikapanda, ilhali mahindi yalikuwa tele na wakulima wake walipata ruzuku. Mgema alifanya hesabu zake.

Tangu hapo, wapo Wamarekani wanaozitafuta soda za chupa za kioo kutoka Meksiko, kwa imani kwamba utamu wa miwa ndio utamu wa kweli. Mwezi Julai 2025 Coca-Cola yenyewe ilitangaza kwamba ingeanza kuuza nchini Marekani soda yenye sukari ya miwa kando ya ile ya kawaida. Habari hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilikuwa rahisi kuipokea kwa tabasamu la mshindi, kwa kuwa soda ya hapa imezoeleka kwa sukari na wala si kwa shira ya mahindi. Makala haya yanatetea upendeleo huo wa miwa. Hata hivyo, yanadai kwamba sababu zinazotolewa mara nyingi kuutetea ni dhaifu, na kwamba sababu iliyo madhubuti humtwisha mnywaji deni. Mahali pazuri pa kulihesabu deni hilo ni Ramisi, katika Kaunti ya Kwale.

Sababu dhaifu ya kwanza ni afya. Husemwa kwamba shira ya mahindi ni sumu na sukari ya miwa ni salama kwa kuwa ni ya asili. Lakini sukari ya miwa ni glukosi nusu na fruktosi nusu. Shira inayotiwa katika soda huwa na fruktosi takriban asilimia 55, na sehemu kubwa ya inayosalia ni glukosi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumwokoa mtu. Chupa moja ya kola ya mililita 300 huwa na gramu zipatazo 30 za sukari, yaani vijiko vya chai vipatavyo saba, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari za aina hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu huipata kwa siku. Lugha yenyewe imekwisha kutoa hukumu: ugonjwa unaohusishwa na utamu damuni huitwa kisukari, na hakuna aliyewahi kuuliza iwapo sukari hiyo ilitoka kwenye muwa au kwenye gunzi.

Sababu dhaifu ya pili ni ladha. Sukari iliyosafishwa kabisa imeondolewa molasi, na pamoja na molasi imeondoka harufu ya shamba. Isitoshe, soda ina asidi, na asidi hiyo huivunja sukari polepole humohumo chupani kuwa glukosi na fruktosi. Anayetaka ladha ya miwa hasa na aende kwa muuzaji wa juisi ya miwa, Mombasa au Forodhani kule Unguja, ambako pingili hupitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi, na makapi yakaanguka upande wa pili. Hicho ndicho kinywaji baridi cha miwa kisichohitaji tangazo. Kizuri chajiuza.

Basi ni kwa nini muwa upendelewe? Kwa sababu nyuma yake kuna watu. Katika Afrika Mashariki mahindi ni ugali kwanza. Mwaka 2017, unga ulipopanda bei, serikali ya Kenya ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa shilingi 90. Nchi ambayo sufuria zake hulitazamia hindi kwa wasiwasi wa namna hiyo haina sababu ya kulipeleka hindi hilo kiwandani likatiwe katika soda. Muwa, kwa upande wake, umekuwapo Pwani kwa muda mrefu kiasi kwamba neno lenyewe ni la Kibantu, ilhali neno sukari lilikuja kupitia Kiarabu, na jina la mahindi laelekeza Uhindi ingawa mmea wenyewe asili yake ni Amerika.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza mwaka 1927, miaka mitano tu baada ya kile cha Miwani, karibu na Kisumu, kilichotangulia nchini Kenya. Kwa takriban miaka sitini miwa iliyopandwa kati ya Msambweni na Mto Ramisi ilikuwa ndiyo saa na kalenda ya eneo hilo. Miongoni mwa waliofanya kazi katika mashamba ya Kwale walikuwamo Wamakonde waliotoka Msumbiji tangu miaka ya 1930. Kiwanda kilifungwa mwaka 1988. Kazi iliondoka, lakini watu walibaki, na Wamakonde hao pamoja na watoto na wajukuu wao walibaki bila uraia wa nchi ambayo walikuwa wameitia utamu katika chai yake. Mnamo Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, na ndipo serikali ilipoagiza waandikishwe kuwa raia wa Kenya.

Katika miaka ya 2000 mpango wa kuifufua miwa ulianza, na katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya Kwale International Sugar ikaanza kusaga miwa katika kiwanda kipya, ikitumia umwagiliaji wa matone. Sambamba na ufufuo huo palizuka migogoro ya ardhi. Baadhi ya wakazi walidai kwamba mashamba waliyoyalima baada ya kiwanda cha kwanza kufa yalikuwa yao, na baadhi ya madai hayo yakafika mahakamani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wala kovu hili si la Ramisi peke yake. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani ile kupambana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenyewe mmiliki wa shamba la miwa. Anayeusifia muwa kwa uasilia wake pekee huwa ameyasahau haya yote.

Wapo watakaouliza: iwapo muwa una historia chungu kiasi hiki, si heri kuyakubali mahindi ya mashine, yasiyomdai mtu? Jibu ni kwamba hata mahindi hayo yana watu wake na sera zake, ila wako mbali na hawawezi kuulizwa. Watu wa muwa wako karibu, na kwa hiyo wanaweza kutendewa haki. Hiyo ndiyo sababu iliyo madhubuti, na hapo ndipo majigambo ya mnywaji wa Kenya yanapokwama. Kwa miaka mingi viwanda vya miwa nchini vimetengeneza sukari ya mezani, na ile nyeupe iliyosafishwa kabisa ambayo huhitajika katika soda imekuwa ikiagizwa kutoka nje. Katika soko la dunia sukari hiyo yaweza kuwa ya miwa, na yaweza pia kuwa ya viazisukari vya nchi za baridi. Mtu wa Ramisi aweza kuketi chini ya mwembe, miwa ikiwa mbele yake, akanywa soda ambayo haina hata tone la jasho la jirani yake.

Meksiko ilijaribu kulipa deni la namna hii kwa sheria. Mwaka 2002 ilitoza kodi ya asilimia 20 kwa vinywaji baridi vilivyotiwa utamu usiotokana na miwa, ili kuwakinga wakulima wake. Marekani ilishtaki mbele ya Shirika la Biashara Duniani na ikashinda mwaka 2006. Njia hiyo, basi, ina miiba. Njia ya Kenya yaweza kuwa nyingine: kujenga uwezo wa kusafisha sukari ya viwandani hapahapa, kumlipa mkulima kwa wakati, na kumaliza madai ya ardhi kabla ya kupanua mashamba.

Kuna pia kazi inayowahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, vinaelekea kwenye lebo ya chupa. Lebo hiyo na iseme kwa Kiswahili kinachoeleweka Msambweni na Lunga Lunga: sukari ya miwa, sukari ya viazisukari, au shira ya mahindi, na iseme pia ilikotoka. Istilahi zipo tayari, nyingine ziko jikoni kando ya kaimati. Mnywaji akishaweza kuzisoma, mgema hataweza tena kulitia maji tembo lake kimyakimya, na upendeleo wa miwa utakuwa na maana kwa yule aliyeikata.