Butembo: bei ndogo si lazima iwe nafuu

Sokoni, mama ananunua mchele kwa kopo la guigoz. Dukani, mchele uko ndani ya mfuko wa kilo. Bei ya kopo inaonekana ndogo, lakini haisemi uzito: moja linajazwa hadi kufurika, lingine limebonyezwa chini. Dukani uzito umeandikwa, ila muuzaji anahesabu dola kwa kiwango chake, na wengi hawasomi tarehe ya kuharibika kwa bidhaa.

Hasara inamwangukia anayenunua kidogo kidogo kila siku. OCC iliundwa mwaka 1974 kukagua ubora na kiasi cha bidhaa. Iweke mizani ya wazi sokoni. Mnunuzi naye alinganishe kilo kwa kilo, si kopo kwa mfuko.