Mbung'o alivyolinda Bonde la Lambwe, na nani sasa atalilinda?

SHIRIKA la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza Agosti 2025 kwamba malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya, wakazi wa Karungu, Lambwe na Gwassi walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Maradhi hayo yaliwahi kuhamisha watu kutoka ufuo wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita. Kisa cha mwisho cha mtu kuambukizwa akiwa humu nchini kiliripotiwa 2009.

Hata hivyo, habari hizo njema zinaibua swali ambalo viongozi wa Homa Bay na Migori hawawezi kulikwepa: je, mbuga ya Ruma itabaki salama?

Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi mlinzi mkuu wa bonde hilo hakuwa askari wa wanyamapori bali mbung'o. Mdudu huyo aliua ng'ombe kwa nagana na kuwafukuza wafugaji na wakulima. Pale ambapo binadamu alishindwa kuishi, swara na ndege walistawi. Serikali ilipotenga eneo hilo kuwa hifadhi mwaka wa 1966, na kulipandisha hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983, ilikuta nyasi ambazo hazijaguswa na jembe.

Leo Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 mraba, ni kama kisiwa cha nyasi kilichozingirwa na mashamba. Ndiyo makao ya pekee nchini ya swara aina ya korongo. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu korongo 15 tu. Idadi hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba mkurupuko mmoja wa maradhi, moto mmoja wakati wa kiangazi au mitego michache ya nyaya inaweza kuwafuta katika ramani ya Kenya.

Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) limetegemea uzio wa umeme na askari wa doria, nao vifaru wamerejeshwa bondeni. Lakini uzio una mipaka yake. Mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini duniani, huzaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, zikiwemo za kusini mwa Tanzania, kisha huja Ruma kati ya Aprili na Septemba kuwinda wadudu juu ya nyasi. Nyasi zikilimwa au zikimezwa na vichaka, hakuna seng'enge itakayomrudisha.

Hakuna anayetamani mbung'o arejee. Mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi iliyotiwa dawa imewaokolea wengi mifugo yao, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo, ardhi iliyo salama kwa ng'ombe hutamaniwa na wengi, hasa watoto wanapogawana mashamba yanayozidi kupungua.

Kwa hivyo, hatima ya korongo imo mikononi mwa jirani wa mbuga. Mkazi akiona karo ya mwanawe na ajira zikitokana na wageni wanaozuru Ruma, atailinda. Akiona hasara tupu, bonde litakuwa limempoteza mlinzi wake wa zamani bila kupata mwingine.