Swali la Msongo Kazini: Jibu kwa Ushahidi, Kisha Nawe Uulize

Katika usaili wa kazi, au mahojiano ya kazi kama wasemavyo majirani zetu wa Kenya, kuna swali moja linaloonekana jepesi kuliko mengine: "Unakabilianaje na msongo wa mawazo kazini?" Tunapofanya mazoezi ya usaili darasani hapa Uganda, wanafunzi wangu wengi wa kidato cha tano na cha sita hulijibu bila kusita: "Mimi sina tatizo na msongo. Naweza kufanya kazi saa yoyote." Jibu hilo lina sauti ya ushujaa. Kwa maoni yangu, ni jibu baya, tena baya mara mbili. Kwanza, halimwambii msaili jambo lolote. Pili, linamwonyesha mwajiri kwamba kijana huyu anaweza kutwikwa mzigo wowote na asiseme neno.

Tuanze na neno lenyewe. Msongo unatokana na kitenzi songa, yaani kubana au kukaza, na kutoka mzizi huohuo tumepata msongamano. Basi msongo wa mawazo ni hali ya mawazo kubanwa, kama abiria wanavyobanwa ndani ya basi lililojaa kupita kiasi. Anayebanwa si lazima awe mdhaifu. Pengine basi ndilo lililojazwa. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu mkubwa unaotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa ni hali inayohusiana na kazi, wala halikuuweka katika kundi la magonjwa. Kwa hiyo msaili hakuulizi kama una moyo wa chuma. Anataka kujua utafanya nini siku ambayo kazi mbili zitagongana na muda ukawa mchache.

Hapa sarufi inatusaidia. Mwanafunzi wa Kiswahili hupenda kutumia kiambishi cha mazoea, hu-: "Mimi hupanga kazi zangu, hutulia, huomba ushauri." Sentensi hizo ni sahihi, lakini kila mtu anaweza kuzisema, hata yule ambaye hajawahi kupanga chochote. Kiambishi cha wakati uliopita, -li-, ndicho chenye ushahidi, kwa sababu kinadai siku, mahali na tendo. Kikifuatwa na -ka- ya mfululizo, msikilizaji anaona hatua moja ikizaa nyingine. Tazama mfano huu wa kijana ambaye hajawahi kuajiriwa:

"Wakati wa likizo nilimsaidia shangazi yangu, ambaye ni wakala wa pesa za simu. Siku moja ya gulio, wateja walikuwa wengi na mtandao ukakatika. Baadhi yao walianza kufoka. Niliwaeleza kilichotokea, nikaandika majina yao kwa kufuata jinsi walivyofika, nikampigia shangazi simu. Mtandao uliporudi, tuliwahudumia kwa zamu. Baadaye nilimwomba shangazi tuwe wawili kila siku ya gulio."

Jibu hili halina neno gumu hata moja, lakini limetimia. Lina tatizo, lina tendo, lina kuomba msaada, na lina mabadiliko yaliyofanywa ili tatizo lisijirudie. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo wengi huisahau. Kuvumilia ni kubeba mzigo. Kukabiliana ni kuutazama mzigo huo na kuupanga upya. Aliyesema tu "nilivumilia" amejibu swali jingine.

Wako watakaouliza: je, ukweli wote usemwe? La. Usaili si mahali pa kuungama. Hulazimiki kusimulia ugonjwa wako wala matatizo ya nyumbani kwenu. Chagua tukio moja la kweli ambalo uko tayari kulieleza. Lakini usijifanye mtu asiyechoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha uchovu huumbuliwa na kazi yenyewe.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, ambayo vijana wengi hawajui kwamba ni haki yao. Mwishoni mwa usaili, jopo huuliza: "Je, una swali?" Wengi hujibu, "Hapana, asante." Ilhali Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inataka sheria zitungwe ili mtu afanye kazi katika mazingira salama na yenye afya, apate mapumziko, na saa zake za kazi ziwe za kadiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa juma kuwa kiwango cha juu cha kawaida, na saa za ziada zina malipo yake. Mfanyakazi hapaswi kulazimishwa kufanya kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Anayesema "naweza kufanya kazi saa yoyote" anaitoa zawadi haki ambayo wengine walimwandikia.

Najua pingamizi lililopo. Kazi ni chache, waombaji ni wengi, na kijana mwenye njaa hawezi kumhoji mwajiri. Ni kweli kwamba mwajiri ndiye aliyeshika mpini. Lakini kuuliza si kugombana. Msaili amekuuliza kuhusu msongo, nawe waweza kuuliza kwa adabu jinsi kazi ilivyopangwa: "Naomba kufahamu, zamu hupangwaje?" au "Kazi inapozidi, mfanyakazi hutakiwa kumweleza nani?" Maswali kama haya yanaonyesha kwamba unaifikiria kazi kabla ya kuianza. Mwajiri makini hatayachukia. Na ikiwa msaili atakasirika kwa sababu umeuliza kuhusu siku ya mapumziko, utakuwa umeijua kazi hiyo kabla haijakuvunja.

Jambo hili linawahusu zaidi ninyi mnaojifunza Kiswahili. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze kutumika mwaka 2010, vijana wengi hutamani kuvuka Malaba au Mutukula kutafuta riziki. Huko usaili unaweza kufanywa kwa Kiswahili. Mtu mwenye maneno machache hukimbilia neno "ndiyo", maana ndilo rahisi kuliko yote. Ndiyo kwa zamu za usiku, ndiyo kwa juma lisilo na Jumapili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayekupangia kazi hawezi kuuhisi uzito wake usipomwambia. Ndiyo maana nasisitiza msamiati huu: si kwa ajili ya mtihani peke yake.

Zoezi la juma hili: andika jibu lako kwa sentensi sita, ukitumia -li- na -ka-, juu ya tukio lililokupata kweli. Kisha andika swali moja ambalo ungemuuliza mwajiri. Lisome kwa sauti mbele ya mwenzako mpaka lisikutie hofu.