Ardhi ya Unyamwezi Isilale Uchi

Mkulima wa tumbaku katika mkoa wa Tabora hulipa mara mbili. Hulipa kwanza pale anapokopeshwa mbolea ya NPK na ya CAN kupitia chama chake cha msingi, deni ambalo hukatwa katika mauzo kabla yeye hajashika fedha mkononi. Hulipa mara ya pili porini, maana shamba likichoka humbidi asogee mbele, afyeke miombo mingine na kuanza upya. Malipo ya kwanza yameandikwa daftarini, na wanachama huyasemea mkutanoni kwa sauti kubwa, tena kwa haki. Malipo ya pili hayana daftari, kwa hiyo hayana msemaji. Gazeti hili lataka leo kuyasemea.

Tuanze na udongo wenyewe, ndugu msomaji, kwa sababu wengi wetu tumeuzoea hata hatuutazami tena. Sehemu kubwa ya ardhi ya juu ya Unyamwezi, ukiacha mbuga nyeusi za mabondeni, ni kichanga. Jirani zetu Wasukuma huuita udongo wa namna hiyo luseni. Kichanga ni chepesi kwa jembe la mkono na tumbaku hukipenda, lakini ni kama kapu lililotoboka: hakishiki maji wala chakula cha mimea. Kinachokisaidia kushika ni mboji, yaani majani na mizizi iliyooza ndani yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka huwa kati ya milimita 700 na 1,000. Miezi iliyobaki ni jua tupu. Mavuno yakiisha mabua huchomwa moto au huliwa na ng'ombe, na ardhi hulala uchi nusu mwaka. Mvua ya kwanza ikija kwa kishindo huukuta udongo hauna nguo, huupiga na kuondoka na ule uzuri mdogo uliobaki juu. Kisha twashangaa kuona mahindi yametoka ya manjano.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa, na Unyanyembe ndipo palipokuwa mahali pa kupumzika, kugawana njia na kununua chakula. Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871. Vitabu vya wageni wale vimejaa habari za pembe, za hongo na za vita. Lakini maelfu ya wapagazi hawali pembe. Aliyewalisha ni mkulima wa Kinyamwezi, na zaidi mwanamke wa Kinyamwezi, na shamba lake lilikuwa kichanga hiki hiki. Hata wapagazi wenyewe walikuwa wakulima: walishuka pwani wakati wa kiangazi, na wengi walijitahidi wawe wamerudi kwao mvua zinapoanza.

Waliwezaje? Kwanza, ardhi ilikuwa nyingi, na shamba lililochoka liliachwa likawa pori kwa miaka mingi hata likarudisha nguvu zake. Pili, walilima matuta. Majani na mabaki ya mazao yalikusanywa, yakafunikwa kwa udongo ndani ya tuta, yakaoza humo humo. Njia ya pili tunayo hata sasa, ingawa wengi wameanza kuchoma yale majani yaliyopaswa kuzikwa. Njia ya kwanza imekwisha. Watu wameongezeka, misitu mingi ni ya hifadhi, na tangu vijiji vilipokusanywa kati ya 1973 na 1976, mashamba yaliyo karibu na nyumba yamekuwa yakilimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Ardhi ambayo zamani ilipumzika kwa miaka, leo lazima ipumzike huku inafanya kazi. Hiyo ndiyo maana ya mimea ya kufunika udongo.

Tunajua kuna wazee watakaosikia maneno haya na kukunja uso. Wana sababu. Serikali ya kikoloni ilipenda sana kuwafundisha watu wetu habari za udongo, na ilifundisha kwa faini. Huko Uluguru mwaka 1955 wananchi walichachamaa juu ya kulazimishwa kukata matuta ya ngazi milimani, kazi ngumu ambayo wao wenyewe hawakuona faida yake. Na wakubwa hao hao waliotufundisha kutunza udongo ndio waliokuja na Mpango wa Karanga mwaka 1947, wakaleta matingatinga Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo, nchi ya Mirambo, wakikusudia kulima eka zaidi ya milioni 3. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Walinunua mashine kabla ya kuufahamu udongo na mvua. Haikuwapitia akilini kumwuliza mama anayelima karanga zake na njugu mawe pale pale kando ya barabara. Wananchi hawakukosea kuikataa shuruti. Lakini njaa ya udongo ilikuwa ya kweli hata kama dawa ililetwa kwa fimbo, na leo hakuna gavana wa kulaumiwa. Shamba ni letu.

Sasa tuseme dawa yenyewe. Mimea ya jamii ya mikunde ina vinundu katika mizizi yake, na ndani ya vinundu wamo vijidudu wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mkulima akitaka kujua kama kazi inafanyika, asingoje kuambiwa na mtu: ang'oe mche mmoja taratibu, akate kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi hapo.

Mfuko mmoja wa CAN wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13 hivi. Tani moja ya majani makavu ya mkunde mzuri huwa na kilo 20 hadi 30. Hatusemi kwamba zote zitafika kwenye mahindi mwaka ule ule. Nyingine hupotea, nyingine hubaki udongoni kwa msimu unaofuata. Wala hatusemi kwamba mkunde waweza kutengeneza fosforasi ambayo udongo hauna. Mahali pengine mbolea kidogo ya dukani itahitajika bado. Atakayemwambia mkulima kwamba mimea hii inamaliza haja yote ya mbolea anamdanganya. Lakini mifuko miwili badala ya minne si jambo dogo kwa mtu ambaye deni lake hukatwa kabla ya yeye kulipwa.

Ipi ifaayo? Sisi twapendelea ile inayoliwa, kwa sababu mtu mwenye eka tatu hawezi kuambiwa atoe moja kulisha udongo tu. Fiwi, ambayo watu wa Arusha na Karatu huiita ngwara, ndiyo ya kwanza. Hupandwa katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi, huachwa mahindi yakivunwa, na kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana, huendelea kuwa kijani wakati kila kitu kimekauka. Punje zake ni chakula, na wakulima wa Kaskazini wamekuwa wakiziuza hadi Kenya. Kunde nazo hufunika udongo upesi, ila haziwezi kiangazi kama fiwi. Karanga tunazozipenda huongeza kidogo tu, maana twazing'oa na mizizi yake na kuondoka na majani yote.

Marejea ni jambo jingine. Haitupatii chakula cha mezani kama fiwi, lakini kwa kurudisha nguvu ya shamba ni hodari. Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho, huko Songea, aliieneza sana kwa wakulima wa Kusini katika miaka ya 1980. Hukatwa inapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa mti, na kulazwa shambani au kufukiwa. Kwa watu wa Nzega na Igunga wenye mashamba yaliyovamiwa na kiduha, yale magugu yenye maua mazuri yanayonyonya mahindi na mtama chini kwa chini, habari ya Kyela inafaa kusikilizwa: huko watafiti walikuta kwamba mpunga wa nchi kavu uliofuata marejea ulisumbuliwa kidogo na kiduha na ukazaa zaidi. Upo pia upupu usiowasha, ambao hufunika ardhi kama blanketi. Huo punje zake watoto wasizichemshe wakala kama maharage, zina sumu.

Kwa mkulima wa tumbaku lipo onyo moja ambalo mabwana shamba wengine hulisahau. Tumbaku ya mvuke ikipata naitrojeni nyingi mwishoni mwa msimu, jani hukataa kuiva vizuri, na bei hushuka sokoni. Kwa hiyo marejea au fiwi isitangulie tumbaku moja kwa moja. Itangulie mahindi, na tumbaku ije baada ya mahindi. Marejea ina faida nyingine katika mzunguko huo, kwani hupunguza minyoo fundo, adui mkubwa wa mizizi ya tumbaku katika kichanga. Kumbe zile bangili za uvimbe unazoziona ukiung'oa mche wa tumbaku uliodumaa si uchawi wa jirani.

Na kuni je? Palepale Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, watafiti wa serikali wakishirikiana na kituo cha kilimo mseto cha ICRAF walijaribu katika miaka ya 1990 kupanda miti ikuayo upesi pamoja na mahindi kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kuiacha miti peke yake hata miaka mitano, kuikata kuni za mabani, na kulima tena mahindi penye visiki. Mti mmoja ulioonyesha sifa ni akasia itokayo Australia, Acacia crassicarpa. Elimu hiyo imekaa Tumbi, kilomita chache tu kutoka kwenye ofisi za ushirika, na bado magari ya kuni za miombo yanapita mlangoni pake.

Tukifika hapa msomaji mkulima atauliza swali ambalo vitabu hulikimbia: ng'ombe watafanywaje? Kwa desturi, shamba likishavunwa ni malisho ya wote. Mtu akiacha fiwi ya kijani katikati ya kiangazi cha Agosti, amewaalika ng'ombe wa kata nzima. Hatutaki jibu la kuwafukuza wafugaji. Wengi wao ni ndugu, na samadi yao ndiyo dawa nyingine ya kichanga. Hili ni jambo la mkutano wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi yake, na kijiji chaweza kutunga sheria ndogo ikathibitishwa wilayani: kwamba mashamba fulani yasilishwe hadi mwezi fulani, kwamba moto usiwashwe ovyo, na kwamba mfugaji atakayeweka boma lake kwenye shamba la mtu kwa makubaliano apewe sehemu ya majani. Mkulima mmoja peke yake hataweza. Akipanda fiwi yeye tu atakuwa anapanda ugomvi. Hamsini wakipanda, kijiji kizima kina jambo la kulinda.

Liko pia jambo la mbegu. Mkulima akienda duka la pembejeo atakuta mbegu za mahindi za kila rangi ya mfuko. Marejea ataitafuta hadi achoke. Vyama vya msingi huleta mbolea kwa malori kila msimu. Twataka vilete na mbegu za mikunde katika orodha ile ile ya pembejeo, tena wanachama waidai kwa mdomo mkutanoni, si kwa kunong'ona njiani kurudi nyumbani. Sheria ya mbegu inaruhusu mkulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, basi kila kata yaweza kuwa na wazalishaji wake wawili watatu. Na shule za msingi zina mashamba. Robo eka ya marejea katika shamba la shule yaweza kuwapa wazazi wengi mbegu za kuanzia, na mwalimu akapata somo la sayansi lenye vinundu vya kukatwa kwa ukucha.

Mvua za Novemba hazingoji kamati. Anayetaka mbegu msimu huu aulize katika mkutano wa chama chake kabla ya Septemba kwisha, na katibu aandike jina lake.