Joto la injini ni mali, tusilimwage

Kwenye mifereji ya Uingereza wapo watu wanaoishi ndani ya mashua. Wengi wao wakiwa safarini hawachomi gesi ili wapate maji ya kuoga. Injini ya dizeli inayosukuma mashua ndiyo inayoyapasha moto.

Ufundi wenyewe ni mwepesi. Maji ya kupozea injini hupita kwenye bomba lililoviringishwa ndani ya tangi, yakayapasha maji ya kuoga bila kuchanganyika nayo. Yasipopata moto, fundi mzuri hakimbilii kubadili tangi. Kwanza hutoa hewa iliyonasa bombani, ndipo akague themostati na kiwango cha maji ya injini.

Nionavyo mimi, hapo lipo somo kwa wenye mashine za kusaga nafaka. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa iliyobaki hupotea kama joto. Mwenye mashine inayopozwa kwa maji hulilipia joto hilo kila siku kisha huliacha lipotee, huku jirani yake muuza maziwa akinunua mkaa wa kuchemshia maji ya kuoshea madumu.

Kazi hii si ya kubahatisha. Tangi liwe na vali ya kutoa presha, na maji ya injini yasiguse kabisa maji ya kuoshea vyombo.

Kabla ya kununua gunia jingine la mkaa, mwite fundi na mwenye mashine, mkae mpige hesabu.